Kundi la Damu Halikuambii Kama Una Homa ya Ini

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Malindi, anayejiandaa kufunga ndoa, aliniandikia kwamba wazazi wa mchumba wake wamemtaka apimwe homa ya ini aina ya B. Aliniuliza kama kuna haja, kwa kuwa damu yake ni ya kundi O na mjomba wake amemhakikishia kwamba watu wa kundi hilo hawapatwi na maradhi hayo. Nimeona nimjibu hapa, kwa sababu maneno hayo nimeyasikia mara nyingi kwetu Lamu, na kwa sababu mimi ni wa kundi O na nimeishi na virusi hivyo kwa miaka mingi.

Nilijua hali yangu nilipotoa damu ya msaada, ambayo nchini Kenya hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, pamoja na kaswende, kabla ya kutiwa mgonjwa. Sikuwa na homa wala macho ya manjano. Kipimo kiliporudiwa baada ya miezi 6, virusi vilikuwa vingalimo, na mtu wa namna hiyo ndiye huitwa mbebaji. Habari ilipofika nyumbani nilitengewa sahani na kikombe. Katika mji ambao watu hukaa chini wakala sinia moja, kutengewa sahani ni kufukuzwa bila ya kutamkiwa, na uchungu huo ningali nao hadi leo, hasa kwa kuwa virusi hivi haviambukizi kwa chakula, kwa kikombe wala kwa kupeana mkono. Huambukiza kwa damu, kwa tendo la ndoa, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Waliokiogopa kikombe changu waliendelea kuazimana wembe.

Makundi ya damu, ambayo Karl Landsteiner aliyatambulisha mwaka 1901, hutokana na aina za sukari zilizo juu ya chembe nyekundu za damu. Virusi vya homa ya ini hushambulia chembe za ini, na protini vinayoitumia kama mlango wa kuingilia, iliyotambuliwa mwaka 2012, si alama ya kundi lolote la damu. Watafiti wa nchi mbalimbali wamelinganisha makundi ya wachangiaji damu na hali yao ya kubeba virusi, na majibu yao yamepingana: wengine wameona tofauti, wengine hawakuona yoyote. Isitoshe, kundi O ndilo lenye watu wengi zaidi Kenya, kwa hivyo watu wake watakuwa wengi katika karibu kila orodha ya wagonjwa na hata ya wazima. Herufi B ya maradhi haya nayo haihusiani kabisa na kundi B.

Jambo linaloamua zaidi ni umri wa kuambukizwa. Kati ya watoto 10 wanaoambukizwa wakiwa wachanga, takriban 9 hubaki wabebaji. Kwa watu wazima hawafiki 5 katika 100. Watoto wa Kenya walianza kupewa chanjo hii kwa utaratibu wa kawaida mwanzoni mwa miaka ya 2000, na sisi tuliozaliwa kabla ya hapo tuna sababu kubwa zaidi ya kupimwa, tuwe wa kundi lipi.

Mimi sijaacha kuhudhuria kliniki, ini langu ni zima, nimeoa, na mke wangu na watoto wetu hawana virusi. Nayasema haya kwa fahari. Ndugu zangu, msimkubalie kinyozi wembe uliokwisha kutumika, na anayewafanyia hijama mwambieni afungue vifaa vipya mbele ya macho yenu. Mwenye virusi mpeni nafasi yake kwenye sinia.

Nawe kijana wangu, nenda upimwe pamoja na mchumba wako. Ukikutwa navyo, ndoa haijaharibika: yeye, ikiwa hana virusi wala kinga, atachanjwa sindano 3, ya pili mwezi mmoja baada ya ile ya kwanza na ya tatu mwezi wa 6, na hadi kinga yake ithibitishwe mtatumia kondomu. Akikutwa navyo yeye, chanjo hiyo ni yako, na atakaposhika mimba amweleze mkunga mapema, ili mtoto aandaliwe chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa.