Betri Kubwa za Gridi Huuza Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, assalaam aleikum. Mimi ni mfanyabiashara wa samaki hapa Malindi, na nina chumba cha baridi pamoja na mashine ya barafu. Kituo cha umeme wa jua cha Langobaya hakiko mbali nasi, lakini jioni umeme hukatika mara kwa mara. Nasikia nchi nyingi zinanunua betri kubwa za kuhifadhia umeme wa gridi. Betri hizo huuza nini, ikiwa hazizalishi umeme? Nami ningoje zije, au ninunue yangu?

JIBU: Ndugu msomaji, waaleikum salaam. Ni kweli kwamba betri haizalishi hata uniti moja. Hata hupoteza takriban sehemu moja katika kila kumi ya umeme inaotiwa. Inachouza ni wakati. Hupokea umeme saa ambazo ni mwingi na hauna mnunuzi, ikautoa saa ambazo kila nyumba imewasha taa. Kituo cha Langobaya, kilichoanza kazi mwaka 2021, huweza kuingiza megawati 40 katika gridi wakati wa adhuhuri, lakini ifikapo magharibi hakina cha kutoa, na hapo ndipo mahitaji ya nchi yanapoanza kupanda kuelekea kilele chake cha baina ya saa moja na saa tatu usiku.

Bidhaa ya pili ni utulivu, nayo huenda ikawa ya thamani zaidi. Gridi yetu huenda kwa herzi 50, yaani mkondo wake huenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde. Mtambo mkubwa ukitoka ghafla, mwendo huo hushuka, na usipoinuliwa katika sekunde chache, mitambo mingine hujizima ili isiharibike, mmoja baada ya mwingine, hadi karibu nchi nzima ibaki gizani kama tulivyoshuhudia usiku wa Agosti 25, 2023. Betri huitikia katika sehemu ya sekunde, ilhali jenereta iliyozimwa huhitaji dakika kadhaa kuwashwa na kushika mzigo. Jimbo la Australia Kusini lilidhihirisha jambo hili tangu mwaka 2017, betri ya megawati 100 ilipowekwa Hornsdale.

Soko limekua kwa sababu bei imeanguka. Pakiti ya betri za lithiamu iliyogharimu zaidi ya dola 1,000 kwa kila uniti inayoweza kuhifadhi mwaka 2010, ilifika wastani wa dola 115 mwaka 2024, na mwaka huo huo jimbo la California lilivuka megawati 10,000 za betri. Barani mwetu, kituo cha jua cha Golomoti nchini Malawi, chenye megawati 20, kilifunguliwa mwaka 2022 kikiwa na betri ya kutoa megawati 5 kwa saa mbili. Nchi isiyo tajiri kutuzidi imeweza.

Kenya ina hali yake ya pekee, kwani ziada yetu haiko mchana tu. Usiku wa manane, watu wakiwa wamelala, mitambo ya mvuke wa ardhini ya Olkaria na ya upepo ya Turkana hukosa watumiaji wa kutosha, na hulazimu uzalishaji upunguzwe. Betri ya hapa ingeweza kujazwa mara mbili kwa siku, usiku na adhuhuri. Kinachoizuia, kwa maoni yangu, ni namna tunavyolipana: mikataba ya jua na upepo hulipa kwa kila uniti iliyotolewa, na mwekezaji wa betri hawezi kuishi kwa uniti peke yake. Alipwe kwa kuwa tayari na kwa wepesi wa kuitikia; bila hivyo hatakuja.

Hata hivyo, sitaki ungoje kwa matumaini yasiyo na msingi. Ikiwa umeme wako hukatika kwa sababu ya transfoma iliyozidiwa au vikombe vya kuzuia umeme usipite kwenye nguzo vilivyoshika chumvi ya bahari, betri ya taifa haitakufaa. Mtaa wako unahitaji matengenezo.

Kuhusu kununua yako, zingatia kwamba tayari unayo hifadhi. Tani moja ya barafu, ikiyeyuka, hunyonya joto la takriban uniti 93. Ukiwa na paneli juu ya paa, tengeneza barafu kwa wingi kuanzia saa nne hadi saa tisa mchana, uzibe vizuri kuta na mlango wa chumba cha baridi, na samaki wako watapita saa za jioni bila kompresa, hata katika joto la kaskazi. Betri ndogo ya lithiamu ya aina ya chuma na fosfati ibakie kwa taa, mizani na feni. Iweke mahali penye kivuli na hewa, mbali na maji ya chumvi, na umtake muuzaji aandike katika dhamana ni mara ngapi inaweza kujazwa na kutumika kabla haijapungua nguvu.