Muulize Fundi: Windows ya laptopu iliyokufa

*Shikamoo fundi. Nina steshenari hapa Tanga. Mwezi uliopita laptopu yangu ilimwagikiwa chai, fundi akasema madabodi, ule ubao mkuu wa ndani, imekwisha. Kabla haijazima kabisa alinitolea namba ya Windows, tarakimu na herufi 25, nikaziandika kwenye daftari la madeni. Nimenunua kompyuta ya mezani ya mtumba, yule fundi akanipigia Windows 10 Pro, tukaingiza ile namba, ikakataa. Sasa kwenye kona ya skrini kuna maneno "Activate Windows" hayatoki, na wateja wanadhani mashine ni mbovu. Ile Windows niliilipia nilipolipia laptopu, kwa nini nisihame nayo? Jirani yangu wa duka la vipodozi kabadili kompyuta mara mbili na Windows yake ni ileile.*
*Msomaji, Tanga*

Marahaba dada, na pole. Chai ya maziwa imeniletea laptopu nyingi kuliko radi, na yenye sukari ndiyo mbaya zaidi.

Ni kweli, Windows uliilipia. Lakini hata sakafu ya nyumba unailipia unaponunua nyumba, na siku ukihama huibomoi ukaipakia kwenye kirikuu. Windows iliyokuja na laptopu yako ni sakafu. Sisi mafundi tunaiita OEM, maana yake leseni aliyopewa mtengenezaji wa mashine. Yeye huzichukua kwa wingi, kwa bei ya jumla, na sharti lake ni kwamba kila moja inaishi na kufa na mashine ya kwanza iliyowekwa. Mashine ukiiuza, mnunuzi anaondoka na leseni. Ikiungua, imeungua nayo. Ndiyo maana pia OEM ikisumbua, wa kumlalamikia ni mtengenezaji wa kompyuta, siyo Microsoft.

Jirani yako ana mkeka. Alinunua Windows peke yake, leseni ya rejareja, na mkeka unaukunja ukaenda kuutandika kwingine. Anaweza kuhama nayo kila akibadili mashine, ilimradi aiondoe kwenye ile ya zamani kwanza, kwa sababu leseni ni moja na mashine ni moja. Uhuru huo una bei yake: Microsoft yenyewe huuza Home, toleo la kawaida, kwa dola 139 na Pro, toleo la juu yake, kwa karibu dola 200. Ukiona mtu anakuuzia "Pro original ya maisha" kwa bei ya sahani ya chipsi mayai, jua hajakuuzia mkeka.

Sasa ile namba kwenye daftari la madeni. Mimi mwenyewe ilinichukua muda kuelewa namba hizi, na nilimtia hasara mteja kabla sijaelewa. Enzi za Windows 7 nilikuwa na kiprogramu cha kusoma ufunguo, yaani namba kama hiyo yako, kutoka kwenye diski. Mzee mmoja kaniletea laptopu iliyoungua, nikachomoa diski, nikasoma ufunguo, nikamwahidi kuuweka kwenye mashine nyingine. Ukakataa. Nikaigeuza laptopu nisome stika ya chini. Stika ilikuwa imefifia kwa joto la betri, nikaazima lenzi ya fundi saa wa jirani. Kwenye stika namba ilikuwa nyingine kabisa! Nikadhani laptopu imechezewa, na nikamwambia mzee hivyo, Mungu anisamehe. Wiki chache baadaye nilikuwa na laptopu tatu za kampuni ileile mezani, nikazisoma zote kwa kile kiprogramu. Namba moja kwa zote tatu. Kumbe watengenezaji wakubwa walikuwa wakitumia ufunguo mmoja kwa maelfu ya mashine, na Windows ilikuwa inatazama alama iliyofichwa ndani ya madabodi. Alama ikiwepo inafunguka bila hata intaneti. Isipokuwepo, ufunguo ule ni karatasi tu. Namba halisi ya mwenye mashine ilikuwa ile ya kwenye stika.

(Kwa wenye stika za zamani wanaohangaika kuzisoma: funguo hizo hazina sifuri wala O, hazina 1 wala I, hazina 5 wala S. Ukidhani umeona S, huenda hiyo ni 8. Ila 8 na B zote zimo, na hapo ndipo lenzi inapohitajika.)

Kuanzia Windows 8, mwaka 2012, mambo yalibadilika. Kila mashine inapata ufunguo wake, nao unachomwa kwenye chipu ya madabodi kiwandani. Ndiyo maana stika za siku hizi zina nembo tu bila namba. Fundi wako aliusoma kutoka hapo. Sitakudanganya: ufunguo wa namna hiyo ukiuingiza kwenye mashine nyingine, kuna siku unakubali. Nimeona kwa macho yangu. Ila mashine kukubali siyo leseni kuruhusu, na Microsoft wakija kuufunga baadaye hutakuwa na pa kulalamika. Futa hiyo namba kwenye daftari, upate nafasi ya mdaiwa mwingine.

Hapa sasa ndipo ninapotaka unisikilize. Hiyo kompyuta ya mezani nayo ni nyumba, na nyumba za mtumba huja na sakafu zake. Kama ilitoka kiwandani na Windows 10 au 11, kuna uwezekano mkubwa ina ufunguo wake ndani, nanyi mmekuwa mkihangaika kubeba sakafu ya nyumba iliyoungua kuipeleka kwenye nyumba ambayo tayari inayo. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika cmd, fungua dirisha jeusi, kisha andika hivi, bila kukosea nafasi:

wmic path softwarelicensingservice get OA3xOriginalProductKey

Ile baada ya "get" ni herufi O, siyo sifuri. Ikitoka namba yenye makundi matano, umepona. Ikitoka mstari mtupu, madabodi haina ufunguo wa ndani, na itabidi ununue mkeka.

Utaniuliza: kama ufunguo umo, mbona "Activate Windows" haitoki? Jibu langu ni kwamba fundi kakupigia Pro wakati ufunguo wa ndani ni wa Home. Hilo nalikuta kila wiki. Flashi nyingi za mafundi, yangu ya zamani ikiwemo, zimetengenezwa zipige Pro bila kuuliza, kwa sababu mteja akisikia Pro anaona kapewa kitu kikubwa. Mwombe aipige upya kwa flashi iliyotengenezwa kwa zana ya Microsoft yenyewe, asichague chochote. Windows itasoma chipu, itajiwekea toleo linalostahili, na ukiunganisha intaneti yale maneno ya kwenye kona yataondoka yenyewe. Kabla hajagusa kitu, hamishia kazi za wateja kwenye diski ya nje. Kufomati hakujui barua ya nani wala risala ya harusi ya nani.

Na akishaifungua, mwambie akuwekee Windows 11 kama mashine inakidhi vigezo vyake. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na steshenari ndiyo mahali ambapo kila flashi ya mtaa inachomekwa.

Kwa wanaonunua mtumba: mbele ya muuzaji, kwenye lile dirisha jeusi andika slmgr /dli. Kinatokea kikaratasi kidogo. Ukiona OEM_DM, hiyo ni Windows ya kiwandani, ya mashine hiyo yenyewe. Ukiona RETAIL ni ya rejareja, lakini usikimbilie kushangilia: mashine zilizopandishwa bure kutoka Windows 7 OEM huandika RETAIL pia, wakati haki yake ni ileile ya kufungwa kwenye mashine. Ukiona VOLUME, na hasa KMSCLIENT, simama. Hiyo ni leseni ya taasisi: kompyuta inatakiwa kuripoti kwenye seva, yaani kompyuta kuu, ya ofisi iliyoimiliki zamani, na isiporipoti siku 180 inaanza kudai. Au ni kazi ya kraki, programu ya kuiba leseni. Kwa vyovyote siyo yako, na muuzaji aliyekuambia "Windows yake ni original" amekuambia habari za ofisi fulani ya ng'ambo, siyo za mashine uliyoishika.

*Fundi, laptopu yangu ni nzito sana. Nikiongeza RAM na kutoa diski ya zamani niweke SSD, ile diski ya kasi, nitapoteza Windows iliyokuja nayo?*
*Mwanafunzi, Morogoro*

Hupotezi. RAM, SSD, betri, hata kioo, badilisha unavyotaka. Leseni inajua madabodi. Kwenye SSD mpya piga toleo lilelile ililokuja nalo na ruka pale panapoomba ufunguo. Madabodi ikifa ndani ya waranti na mtengenezaji akakuwekea nyingine, leseni yako inaendelea. Ukiibadilisha mwenyewe kwa kutaka kasi, kwa masharti ya OEM hiyo inahesabika kuwa kompyuta mpya.

*Niko Hamburg. Huku funguo za Windows za OEM zilizotumika zinauzwa hadharani, zina risiti. Wewe unasema hazihami. Nani mkweli?*
*Msomaji, Ujerumani*

Wote wawili, ndugu yangu, kila mmoja na mahakama yake. Mwaka 2000 mahakama kuu ya shirikisho ya Ujerumani iliamua kwamba Microsoft, ikishauza nakala ya OEM, haiwezi kumzuia mfanyabiashara kuiuza bila kompyuta. Tarehe 3 Julai 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya UsedSoft na Oracle, ikasema hata programu iliyopakuliwa mtandaoni kwa leseni ya kudumu inaweza kuuzwa tena, kwa sharti kwamba muuzaji wa kwanza anaifuta kwake. Wala hawezi kumega leseni ya watu wengi akaiuza vipande vipande, na hapo ndipo wauzaji wengi wa bei ya kutupa wanapoteleza. Kwa hiyo risiti yako itunze, na mwombe muuzaji uthibitisho kwamba mashine ya kwanza imeondolewa leseni hiyo. Usimtumie ufunguo huo mdogo wako wa Dar kama zawadi ya Idi, maana uamuzi ule ni wa huko.