Jibu: Mbegu za Cenchrus ciliaris kutoota Makueni

Salaam ndugu. Unasema mbegu za Cenchrus ciliaris, aina ya nyasi za malisho, ulizovuna mwenyewe Makueni na kuzipanda msimu uleule hazikuota, ingawa mvua ilinyesha vizuri. Kabla ya kulaumu udongo, angalia umri wa mbegu, kwa kuwa zikitoka shambani huwa bado zimelala, na huota vizuri zaidi zikishahifadhiwa pakavu kwa miezi kadhaa. Fikicha pia vishada hivyo vyenye manyoya kiganjani, maana vingi huwa vitupu, havina punje ndani. Mimi huchimba mifereji midogo ya kukinga maji, kisha hutawanya mbegu kandokando yake kabla ya mvua na kuzifunika kwa udongo usiozidi sentimita 1. Mbuzi wasiingie humo mpaka nyasi zishike mizizi na kutoa mbegu.