Lenzi utaipata tu, majina je? (uzoefu wangu wa kulipigia gazeti picha za michezo ya shule)

Mkuu umeuliza ununue lenzi gani kwa hiyo milioni moja na nusu maana gazeti limekupa michezo ya shule kuanzia kata mpaka mkoa, na mahafali juu. Wengi wameshakujibu lenzi. Na mi ntakujibu lenzi, ila huko chini na kwa ufupi, kwa sababu hiyo kazi nimeifanya Mwanza kuanzia 2013 mpaka 2021 nikiwa mwandishi wa kujitegemea, wale wa kulipwa kwa picha iliyotoka, na sijawahi hata siku moja kufokewa kwa sababu ya lenzi. Nimefokewa kwa majina.

Ngoja nikupe moja. Mashindano ya mkoa, mpira wa pete. Kule hawana namba mgongoni kama soka, wana herufi za nafasi anayocheza mtu, GS na GA ni wafungaji, halafu C, GK na wenzake. Kabla ya mechi nikamfuata mwalimu nikachukua orodha safi kabisa, GS ni fulani, GA ni fulani, nikajiona mjanja. Kipindi cha tatu GS karuka, mpira uko kwenye ncha za vidole, beki kamng'ang'ania hewani, vumbi limepanda, picha tamu mno. Jioni nikaandika jina la GS kama lilivyo kwenye orodha yangu nikatuma nikaenda zangu kula. Nisichokijua ni kwamba wakati wa mapumziko mwalimu aliwabadilisha, wale mabinti wakavuana vile vitambaa vyenye herufi wakavishana, GS kawa GA na GA kawa GS.

Asubuhi saa nne kuna mama yuko mlangoni kwa ofisi ana magazeti matano kwapani. Wala hakuja kwa shari. Akasema, "Baba, huyu ni binti yangu, lakini jina sio lake. Nimenunua matano, moja la babu yake kijijini." Akauliza kama kesho tutaitoa tena. Edita akatoa masahihisho mistari miwili ukurasa wa ndani, bila picha. Sasa babu atabandika mistari miwili ukutani?

Tangu siku ile nikawa na utaratibu wangu. Timu zikipasha moto napiga karatasi ya majina ya mwalimu kwa kamera hiyohiyo, halafu napiga kila mchezaji sura na herufi au namba yake, haraka haraka, wala haihitaji kuwa nzuri. Kila mapumziko yakiisha narudia wale waliobadilika. Ikitoka picha ya maana, mechi ikiisha namfuata mwenyewe, namwonyesha kwenye kioo cha kamera, namwambia nitajie jina lako lote na uniandikie mwenyewe kwenye daftari, maana hapa kuna Neema na Nehema, kuna Masanja na Masanje. Jina la shule usiliandike peke yake, andika na kata na wilaya, shule zinazoitwa Azimio na Uhuru na Mwenge ni nyingi kuliko unavyofikiria. Na picha ya kikundi andika "kutoka kushoto" palepale wakiwa bado wamesimama, ukisema utakumbuka jioni umeumia.

Haya lenzi. Nunua bodi (kamera yenyewe bila lenzi) ya mtumba yenye kupiga mfululizo haraka (mi nilikaa na Canon 7D miaka mingi), pesa iliyobaki weka kwenye 70-200, lenzi ya kuvuta mbali, hata kama ni ile ya f/4 inayoingiza mwanga kidogo kuliko f/2.8. Mechi zetu za shule zinachezwa juani, mwanga unao mwingi mpaka unakera, hiyo f/2.8 ya bei mbaya utaihitaji ukumbini na sio uwanjani. Shata (kasi ya kupiga) usishuke chini ya 1/1000 ya sekunde kwa soka na riadha, fokasi weka ile ya kumfuata mchezaji anayekimbia. Saa sita mchana jua liko utosini na macho ya watoto yanageuka mashimo meusi, hapo pima mwanga wa uso na sio wa jezi nyeupe, jezi ikiungua kidogo hakuna atakayekufa. Ila kuna siri moja, uwanja wa vumbi unakusaidia kuliko wa nyasi, ile ardhi ya rangi nyepesi inarudisha jua usoni kutoka chini. Picha zangu nzuri za sura karibu zote ni za viwanja vibovu. Lakini vumbi hilohilo ndio adui yako, usithubutu kubadilisha lenzi uwanjani, mi nilibadilisha mara moja tu kwenye upepo wa ziwa na kila picha ya wiki ile ikawa na vidoa angani.

Sehemu ya kusimama. Uwanja wa shule hauna uzio, watu wanasimama juu ya mstari na wengine ndani ya mstari, ukikaa katikati utapiga migongo ya watu dakika tisini. Nenda nyuma ya goli pembeni kidogo, piga magoti, jua likiwa nyuma yako. Watoto watakuvamia, hilo halikwepeki, wote wanataka kuchekea kamera. Usiwafukuze. Wape dakika tano za mwanzo wapige mapozi mpaka wachoke, waonyeshe, watakuacha. Kwenye riadha nenda kwenye kupokezana vijiti, pale ndio kuna sura, watu wanakimbia pekupeku wamefumba meno, kijiti kinaanguka, mmoja analia. Kwenye mkuki kaa nyuma ya mrushaji, usijaribu kwenda mbele kule eti upate engo, watoto wanajifunza bado na mkuki hauna adabu.

Mgeni rasmi sasa. Utataka picha ya goli, edita ataitaka, lakini waandaaji wanakutaka meza kuu. Usigombane nao. Piga anavyokagua timu, piga anavyopiga ule mpira wa ufunguzi (hapo vizia, wengi huwa wanaukosa, na ile ndio picha), piga akikabidhi kikombe, malizana nao urudi kwenye mechi. Mahafali ni vita vingine. Yanajazana Agosti mpaka Oktoba, darasa la saba halafu kidato cha nne, na adui mkubwa ni turubai. Turubai la bluu linapaka watu wote bluu, la njano linawafanya wagonjwa wa manjano, na hakuna programu itakayokusafishia vizuri ukishachanganya na jua linaloingia pembeni. Waombe watoke nje kivulini kwa ile ya pamoja, dakika mbili tu.

Halafu kuna jambo hakuna aliyelitaja hapa, mamluki. Kwenye UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, kila mwaka kuna malalamiko ya wachezaji wasio wanafunzi, na wewe mwenye kamera ndio una sura zao. Nusu fainali moja mwalimu wa timu iliyofungwa kanivuta pembeni, "kaka nipe ile ya namba tisa wao, yule anacheza ligi huko mtaani, ana watoto wawili yule." Nikamwambia picha ni mali ya ofisi, aandike barua kwa edita. Akanuna. Kufika kesho yake benchi la timu ya huyo namba tisa wameshaambiwa mi ni mpelelezi, nikafukuzwa pale kama mwizi wa kuku. Wenye namba tisa wao wakachukua kombe. Kama alikuwa mamluki au la mpaka leo sijui, ila alikuwa na ndevu kuliko mimi. Msimamo wangu ni uleule, picha yoyote inayoombwa ipitie ofisini, uwanjani usimpe mtu hata moja.

Na hao ni watoto, usisahau. Kuna Sheria ya Mtoto ya 2009 na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, zijue. Mi nilikuwa napita kwa mwalimu mkuu kwanza najitambulisha na kitambulisho. Picha ambayo sketi imepanda vibaya kwenye mpira wa pete naifuta palepale hata kama mpira umekaa vizuri, ofisini kuna watu wataichagua hiyohiyo. Aliyeumia napiga wakati anabebwa na wenzake, sio akiwa anajikunja peke yake.

Hela ni ndogo mkuu, mi nilianzia elfu tano kwa picha iliyotoka, isipotoka hola, na nauli yako. Waandaaji watakupa bahasha, mi nilipokea miaka ya mwanzo sitakudanganya, nikaja kuacha baada ya mmoja kunipigia simu kuuliza kwa nini sura yake haijatoka na "tulikaa vizuri." Kilichonilisha ni kusafisha picha, yaani kuzitoa kwenye karatasi na kuwauzia wazazi. Wazazi wanataka mtoto wao akiwa hewani na sio amesimama na cheti. Ongea na ofisi kwanza kama wanaruhusu uuze, wakupe kwa maandishi. Na ukituma ofisini kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kawaida inabanwa na ukurasani inatoka kama imepigwa na simu ya tochi.

Yule mama nilimsafishia moja kubwa bure, nyuma nikaandika jina la binti kwa kalamu. Aliisoma mara mbili herufi kwa herufi ndio akaipokea.