Ndevu za kuchongwa na piko ya harusi, ni sunna au ni fasheni?

SWALI: Assalaam aleikum sheikh. Mimi ni kijana wa Kisauni, nna miaka 26, naoa inshallah mfunguo mosi. Ndevu nazifuga lakini zimeota mabaka mabaka, shavu la kushoto lina uwazi kabisa. Kinyozi wangu huzichonga kwa wembe huku juu mashavuni na chini shingoni, na amenambia siku ya harusi atanipaka piko, ile rangi nyeusi ya nywele, zionekane zimejaa. Sasa ami yangu ameniona akasema hizo si ndevu za dini ni za wacheza mpira, bora ninyoe zote kuliko kuwaiga. Ni kweli?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullah. Hongera mwanangu, Mwenyezi Mungu aitie baraka ndoa yako. Ami yako kilichomsukuma ni mapenzi ya dini na usimjibu vibaya, ila hapo kwa "bora unyoe zote" amekimbia majivu akakanyaga moto.

Mtume (s.a.w.) alivoamrisha ndevu zifugwe na masharubu yapunguzwe, iko kwa Bukhari na Muslim, alitaja na sababu, kwamba tuwakhalifu washirikina, yaani tuwe kinyume nao, na riwaya nyengine kwa Muslim wametajwa Majusi, wale Wafursi waabudu moto ambao mtindo wao ulikuwa kupunguza ndevu na kuacha masharubu yajae. Yaani tangu zamani ndevu hazijawahi kuwa nywele tu, ukimwona mtu uso wake wajua ni wa kwao nani. Nabii Haruni alimwambia nduguye Musa usinishike ndevu zangu wala kichwa changu, isome Suratu Taha aya ya 94. Na Iskander wa Makedonia, kwa hiyo hiyo habari ya kushikwa, yasemwa aliwaamrisha askari wake wanyoe ili adui asipate pa kukamatia vitani.

Warusi nao wana kisa. Mfalme wao Peter alirudi safari ya Ulaya mwaka 1698 akawakata ndevu wakubwa wake kwa mkono wake mwenyewe, baadaye akazitoza kodi, ukilipa wapewa kipande cha madini kama sarafu uonyeshe umelipa, na wale ni Wakristo walioona kunyoa ni dhambi! Waingereza ndio kinyume, jeshini kwao hadi 1916 ilikuwa sheria askari asinyoe masharubu. Ukitazama picha za wakoloni wa miaka ile, kidevu cheupe, masharubu kama ufagio, utasema Majusi wamefufuka.

Na huu uso mtupu ambao ami yako auona ndio wa heshima? Nao ni fasheni, tena changa kuliko ndevu. Mmarekani Gillette alipata hati ya uvumbuzi wa wembe wake wa kubadilisha mwaka 1904, vita vya kwanza vya dunia jeshi la Marekani likawagawia askari, watu wakarudi makwao wamezoea kujinyoa kila asubuhi. Sasa mtu akwambia acha kuwaiga wazungu wa mpira, waige wazungu wa wembe.

Tuje kwa hukumu. Kwetu Mashafii, tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, mwanachuoni wetu Imamu Nawawi na wenziwe wameona kunyoa ndevu ni makuruhu, yaani lachukiza bila kufika haramu, madhehebu mengine ni haramu, kwa hivyo ziache. Kuchonga kwako hakuna tatizo kubwa, maana ndevu kwa lugha ya Kiarabu ni za taya na kidevu, zile za juu kwenye mfupa wa shavu na za kooni wanazuoni wengi hawazihesabu. Lakini kinyozi akiteremka akala taya, akakuachia ile ya O pale mdomoni peke yake, hapo si kuchonga tena ni kunyoa.

Sasa piko. Mwezi uliopita nilikuwa kwa kinyozi Majengo nangoja zamu, kijana mbele yangu apakwa piko kwa mswaki wa meno, mdogo mdogo, kila penye uwazi pajazwa, alivonyanyuka kwa kioo hakujijua mwenyewe, na matone mawili yamemwangukia kwenye kanzu. Nilicheka lakini nikakumbuka maneno ya Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, alihesabu mambo kumi ya kuchukiza katika ndevu. Mna kuzipaka nyeusi, mna kuzichana kwa ajili ya watu, mna kuziacha timtim ili uonekane zahidi, mtu aliyeipa dunia kisogo, na mna watu waliokuwa wakizifanya nyeupe kwa kibiriti ili waonekane wazee wakalishwe mbele! Hii ilikuwa kabla hakujakuwa na mcheza mpira hata mmoja. Huyo huyo Ghazali ataja kisa cha mtu zama za sayyidna Umar aliyeoa huku amepaka nyeusi, rangi ikatoka mvi zikaonekana, watu wa mke wakashtaki, Umar akaivunja ndoa na akampiga, akamwambia umewahadaa watu kwa ujana.

Wewe huna mvi, najua, na kisa chako si kama chake. Lakini nyeusi kwetu Nawawi asema sahihi ni haramu, na Ghazali yeye ni makuruhu, basi kwa nini uianze ndoa na la kutiliwa shaka? Ukitaka rangi kuna hina, Abubakar (r.a.) alitumia hina na katam, mmea mwengine wa rangi, na dada zako watakuwa washaichanganya tayari kwa bi harusi. Uwazi wa shavu la kushoto uache, huyo mwanamke atauona tu wiki ya kwanza.

Alafu swali zima hukutaja masharubu, na hayo ndiyo yaliyoamrishwa kupunguzwa. Mwambie kinyozi aanze hapo.

Wallahu aalam.