Ramani ya kujitolea inamfaa nini mtu wa Moshi?
Dada, umeuliza hizi teknolojia za watu wa kujitolea zinatufaa nini huku Moshi, zaidi ya kugawa fulana na kupiga picha. Chukua OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyo mtandaoni. Ilianzia Uingereza mwaka 2004, ni bure, na yeyote anaweza kuichora. Dar waliitumia kwenye mradi wa Ramani Huria kuanzia 2015: wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi walichora mitaro na vichochoro vya mitaa inayofurika, Tandale ikiwemo.

Kwetu faida iko migombani. Panda Uru au Kibosho uone: njia ya mkato inapita katikati ya migomba na kahawa, inavuka mfereji kwa ubao, na kwenye simu huioni. Bodaboda wa pale anayo kichwani. Akiiingiza kwenye ramani mara moja, nesi mgeni anaiona, na dereva wa gari la wagonjwa anajua gari linaishia wapi. Ukipakua eneo lako kwenye OsmAnd, programu ya simu inayotumia ramani hiyo, inafanya kazi hata bila bando (bei ya bando tuiache tu).

Ila majina ya wenye nyumba usiandike. Anza na visima, madaraja na mifereji, na majina yake waulize wazee wa hapo kwanza.