Muulize Fundi: Rangi za simu zinageuka zikifika kwenye TV

SWALI: Shikamoo fundi. Nina simu ya Android na huwa nairusha kwenye TV bila waya, nafungua ile sehemu ya kurusha skrini, jina la TV linatokea, naligusa, basi. Picha inakuja lakini rangi sio zenyewe. Nyeusi inakuwa kijivu, sura za watu zimepauka kama zimepakwa unga, halafu video ikiwa na pilikapilika nyingi kunatokea vibox vya kijani na zambarau vinatambaa kwenye skrini alafu vinapotea. Kwenye simu yenyewe kila kitu kiko safi. Nimeshapandisha rangi ya TV mpaka mwisho, sasa hata nisiporusha simu watu wote wamekuwa machungwa. Au paneli imeanza kufa?

JIBU: Marahaba. Paneli yako nzima kabisa, na unaweza kuhakikisha mwenyewe sasa hivi: rusha simu kama kawaida, rangi zikiwa zimeharibika hivyo hivyo, bonyeza menyu kwenye remoti. Menyu inachorwa na TV yenyewe, haitoki kwenye simu. Kama maandishi ya menyu ni meupe safi na nyuma yake nyeusi ni nyeusi kweli wakati picha iliyo chini yake imepauka, basi ujue TV inaonyesha vizuri ila inacholetewa ndio kibovu.

Kabla ya yote rudisha ulivyovivuruga. Kwenye setingi za picha kuna sehemu ya kurudisha ilivyokuwa kiwandani, na hiyo inagusa picha tu, haifuti chaneli wala programu zako. TV nyingi zinatunza setingi za picha kwa kila chanzo (antena, HDMI, simu) peke yake, ila kuna mahali unaulizwa kama mabadiliko yaende kwa vyanzo vyote, nadhani wewe ulikubali ndio maana machungwa yamekufuata hadi kwenye taarifa ya habari. Weka modi ya sinema au ya kawaida, achana na ile kali iliyotengenezwa kuvutia wateja dukani. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza jioni nzima nahangaika na TV ya jamaa yangu, rangi zinajirudia kuwa kali kila baada ya dakika kadhaa, kumbe wakati wa kuiwasha mara ya kwanza mtu alichagua kwamba TV iko dukani badala ya nyumbani. Mpaka leo ananicheka.

Haya, sasa wewe una magonjwa mawili sio moja, na ukiyachanganya utazunguka sana.

La kwanza ni kupauka. Rangi kwenye simu na kompyuta zinahesabiwa kuanzia 0 ambayo ni nyeusi tii hadi 255 ambayo ni nyeupe pee. Lakini video tangu zamani zina desturi yake, nyeusi inaanzia 16 na nyeupe inaishia 235. Zote mbili ni sahihi ilimradi anayetuma na anayepokea wanatumia hesabu moja. Simu ikituma kwa hesabu ya 16 hadi 235 na TV ikadhani ni ya 0 hadi 255, basi ile 16 iliyotakiwa kuwa nyeusi inaonyeshwa kama kijivu, na nyeupe nayo haifiki mwisho, unapata huo unga unaousema. Ikiwa kinyume chake, giza linameza kila kitu, nywele na suti nyeusi zinakuwa doa moja. Ndio maana kupandisha rangi hakukusaidia, maana tatizo halikuwa rangi, lilikuwa ni wapi nyeusi inaanzia.

Dawa yake inategemea TV. Fungua setingi za juu za picha WAKATI simu inarushwa, tafuta kipengele cha kiwango cha nyeusi, ukibadilishe mpaka nyeusi iwe nyeusi kweli. Kwenye Samsung kinaandikwa "HDMI Black Level", wengine wanaandika tofauti kidogo. Kikiwa kimefifia hakibonyezeki ni kwamba hakifanyi kazi kwa chanzo hicho, na kwa kurusha bila waya mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Hapo fanya apdeti ya TV na ya simu, zima TV kwa kuchomoa kwenye umeme sio kwa remoti, subiri dakika moja, rudia kukonekti.

Kuna mtego mmoja hapa ambao wengi hawaushtukii. Je, kila kitu kinapauka au ni video ulizorekodi mwenyewe tu? Simu nyingi za siku hizi zinaweza kurekodi kwa HDR, yaani picha yenye mwanga na rangi pana kuliko kawaida, na video ya HDR ikirushwa kama skrini ya kawaida bila kubadilishwa vizuri inaonekana imechujuka vibaya. Fungua picha ya kawaida ya zamani uirushe. Kama hiyo iko sawa, umempata mchawi: zima HDR kwenye setingi za kamera kwa video zijazo, na hizo za zamani zihamishie kwenye flashi uzichezee moja kwa moja kwenye TV, kama TV inaielewa HDR zitapendeza kuliko ulivyowahi kuziona.

La pili, vile vibox vya kijani na zambarau. Hiyo sio rangi kabisa, hiyo ni waifai. Unaporusha skrini, simu inaibana picha iwe video ndogo, inaituma hewani, TV inaifungua. Na ili kupunguza mzigo haitumi picha nzima kila mara, inatuma kilichobadilika tu tangu picha iliyopita. Kipande kimoja kikipotea njiani TV inaendelea kuchora juu ya picha mbovu, uchafu unatambaa na watu wanaotembea, mpaka picha nzima mpya ifike ndio pasafike ghafla. Ndio maana unaona zaidi kwenye pilikapilika, kwa sababu ndio wakati wa data nyingi.

Hapa angalia simu yako inarusha kwa njia gani. Kama ni Miracast, simu na TV zinaongea zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo kusogeza ruta hakusaidii kitu, isogeze simu. Kama ni kwa Chromecast data zinapita kwenye ruta, hapo weka vyote kwenye waifai ya 5 GHz badala ya 2.4 GHz ambayo inagombaniwa na bluetooth, maikrowevu na majirani. Zima pia modi ya kutunza betri, na simu ikiwa ya moto sana iache ipoe maana inapunguza nguvu yenyewe.

Na kama unachoangalia ni video ya YouTube au programu yenye kile kialama cha kurusha ndani yake, tumia hicho kialama, usirushe skrini nzima. TV itavuta video yenyewe kutoka intaneti, simu inabaki kuwa remoti tu, magonjwa yote mawili yanakwisha kwa pamoja. Kwa kweli ningekuwa wewe ningeanzia hapo.

Baada ya yote hayo bado utaona tofauti kidogo, na hapo mwongo huwa ni simu. Simu nyingi zenye skrini ya AMOLED, ile aina ya rangi zinazong'aa, zinatoka kiwandani zikiwa kwenye modi ya rangi kali. Iweke kwenye modi ya asili ndio ulinganishe. Pia maandishi madogo mekundu yataendelea kuonekana yamevuja kingo, kwa sababu video inayorushwa kwa kawaida inabeba rangi kwa undani mdogo kuliko mwanga. Hilo halina dawa, lizoee.

SWALI: Fundi mimi natumia waya wa USB-C kwenda HDMI, picha nzima ni ya pinki.

JIBU: Waya. HDMI ina njia tatu za kupitisha picha, moja ikigusa vibaya uwiano wa rangi unaharibika. Chomoa pande zote uchomeke tena kwa kukaza, kisha badilisha kebo, kisha tundu la TV, kisha adapta, kimoja kimoja usibadilishe vyote kwa mpigo maana hutajua kilichokuwa kibovu. Zote zikiwa nzima, ingia kwenye orodha ya vyanzo na ubadilishe jina la tundu hilo liwe PC, kwenye TV kadhaa hiyo inabadilisha namna inavyosoma rangi.

SWALI: Nikirusha filamu kutoka programu ya kulipia, sauti ipo picha nyeusi tupu. Rangi imekufa yote?

JIBU: Hapana, hiyo ni kinga ya hakimiliki, programu inakataa skrini yake isinakiliwe. Hakuna setingi ya rangi itakayokusaidia. Ifungue programu hiyo hiyo kwenye TV yenyewe kama ipo.